Moshi wa Altareni na Moshi wa Jikoni

Mwaka ule kopo la ubani la parokia yetu lilikwisha usiku wa Mkesha wa Pasaka. Mtumikiaji aliyeshika chetezo alikwangua punje za mwisho kwa kijiko, akazimwaga juu ya makaa, moshi ukapanda kidogo na kukatika kabla Mbiu ya Pasaka haijaisha kuimbwa. Baada ya sikukuu tuliambiwa kwamba ubani mwingine lazima uagizwe mbali, na kwamba fedha iliyokuwepo ilitakiwa kwa bati za kigango. Ndipo mmoja wetu, katika jumuiya yetu ndogo ndogo iliyo karibu na mwambao wa ziwa, akauliza swali lililotushughulisha karibu mwaka mzima: kwa nini tusiutengeneze wenyewe?

Tunaandika habari hii kwa sababu tulidhani swali hilo ni la mikono tu, kumbe lilikuwa la dhamiri. Tulitoka kwenda kutafuta utomvu wa miti, tukakutana na jambo ambalo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunalijua vizuri na hatupendi kulitaja kanisani.

Kwanza tulitaka kujua kama inaruhusiwa. Katekista alitufungulia Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, mistari ya mwisho. Pale Mungu anampa Musa namna ya kutengeneza uvumba wa hema: natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, vyote kwa kipimo kimoja, na kutiwa chumvi. Mara baada ya maelekezo hayo linakuja katazo kali. Uvumba wa namna ile watu wasijitengenezee kwa ajili yao wenyewe, na atakayeutengeneza ili aunuse kwa raha yake atakatiliwa mbali na watu wake. Baadhi yetu waliposikia hayo walitaka tuache. Lakini katekista alituonyesha kwamba katazo halikuwahusu mikono inayotengeneza, maana mikono ya watu ndiyo iliyoutengeneza hata ule wa hema. Lililokatazwa ni kukitwaa kilicho cha Mungu na kukifanya chetu. Akatusomea pia nabii Malaki, sura ya kwanza mstari wa 11, anayeona siku ambayo jina la Bwana litafukiziwa uvumba kila mahali, tangu maawio ya jua hata machweo yake. Tukajiuliza: kama ni kila mahali, basi Mwanza nayo imo.

Baba Paroko hakukataa. Alituambia kwamba Kanisa halilazimishi ubani katika kila Misa, na kwamba linapoutumia linataka uwe safi na wenye harufu nzuri, na kama umechanganywa, ubani wenyewe uzidi vichanganyo. “Nendeni mkatengeneze,” alisema. “Mkishamaliza mniletee niunuse. Ila mkumbuke kuuliza wanaojua miti.”

Nani anajua miti? Vijana wetu wanajua simu na bodaboda. Sisi wa makamo tunajua mbao za kununua na mkaa wa gunia. Katika jumuiya yetu anayejua miti ni mmoja tu, bibi mjane anayeishi peke yake karibu na mawe makubwa, juu ya njia inayoshuka ziwani. Tulimwendea jioni, tukamwamkia, akatuitikia na kutukaribisha jikoni kwake kwa sababu chungu kilikuwa motoni. Tulikaa dakika chache tukaanza kukohoa na kufuta machozi. Yeye hakukohoa. Alitutazama kwa macho yake mekundu akasema, “Wajukuu zangu, nyinyi mnatafuta moshi, na mimi moshi ninao hapa kila siku.”

Tulicheka. Hatukujua kwamba alikuwa ametuambia jambo zima.

Alitufundisha mambo ambayo tungependa wasomaji wa kitabu hiki wayajue pia, maana yanaweza kufanyika katika kigango chochote chenye vichaka. Ubani unaouzwa madukani hutoka katika miti ya jamii ambayo wataalamu huiita Boswellia, na mingi yake huletwa kutoka Somalia, Ethiopia na ng'ambo ya bahari. Manemane ile waliyoileta Mamajusi hutoka katika miti ya jamii ya Commiphora. Jamii hii ya pili ina miti mingi katika nchi yetu kavu: miti mifupi yenye matawi magumu, baadhi ina miiba, na maganda yake membamba hujiambua kama karatasi. Wakulima huchomeka matawi yake kuwa ua, nayo huchipua. Kwa hiyo tunaishi jirani na ndugu wa manemane, na tumemfunga mbuzi hapo miaka yote bila kumtambua.

Tulitoka na bibi mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, tukapanda gari hadi upande wa Kwimba, kwa jamaa wanaotunza ngitili. Alitutaka tufike alfajiri, kwa sababu utomvu ukiwa baridi huwa mgumu na hukatika vizuri, na jua likipanda hulainika na kunata vidoleni. Kijana mmoja alikuja na panga. Bibi alimwambia alirudishe ndani ya mfuko. Akatuonyesha kwamba mti hutoa chozi lake pale ulipoumizwa, iwe na mdudu, mbuzi, upepo au mtu aliyekata tawi kwa ajili ya ua. Tulichukua yale machozi yaliyokwisha kukauka na kuning'inia. Lile lililoshika jerahani kabisa alitukataza kuligusa. “Hilo ni gaga la kidonda chake,” alisema. “Ukilibandua, kidonda kinafunguka.” Kwa asubuhi nzima, watu saba, tulipata kiasi cha kujaza bakuli moja.

Alitufundisha pia kutofautisha utomvu na gundi. Migunga hutoa gundi nzuri ya rangi ya asali, na mtu asiyejua anaweza kuichuma kwa furaha. Lakini gundi huyeyuka ukiitia majini, na motoni haina manukato. Inanuka kama sukari iliyoungua. Utomvu wa kufukizia hauyeyuki wote majini. Kisha akatuonya juu ya minyaa, ule ua wa kijani unaozunguka miji mingi ya Wasukuma. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu, na kuni zake zikichomwa, moshi wake huwasha macho vibaya. Kila kinachochomwa, alisema, lazima kwanza kijulikane.

Nyumbani tulitandaza machozi yale juu ya ungo, kivulini, kwa majuma kadhaa. Tulichambua maganda na mchanga kwa ncha ya kisu. Tulitwanga asubuhi mapema, kwa mchi mwepesi, tukigonga bila kusaga, kwa sababu utomvu ukipata joto hugeuka kuwa donge. Tulikausha maganda ya machungwa, mchaichai na majani ya kivumbasi, tukavikatakata. Vijiko vitano vya utomvu tulivichanganya na kijiko kimoja cha majani na karafuu chache zilizopondwa. Tuliweka mchanganyiko katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, tukauacha mpaka harufu zizoeane. Tulijifunza pia kwamba makaa yakiwa mekundu mno utomvu huungua na kutoa harufu kali, hivyo mtumikiaji angoje mpaka yavae majivu meupe.

Baba Paroko aliunusa. Alinyamaza kidogo, akasema unanuka kama porini baada ya mvua ya kwanza. Akaukubali kwa Sikukuu ya Tokeo la Bwana, siku ambayo Injili inasoma habari za dhahabu, uvumba na manemane.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Siku ile moshi ulipopanda, wengi walifurahi. Lakini baada ya Misa tulisikia maneno mawili chini ya mwembe. La kwanza lilikuwa kwamba harufu ile si ya kanisa, ni ya mganga. Tulilisikiliza kwa heshima, kwa sababu lina historia. Wazazi wetu wengi walipobatizwa waliacha hirizi na mafusho ya bafumu, na pua haisahau. Mtu aliyefukizwa akiwa mtoto ili kuondoa mkosi anaweza kushtuka kuinusa harufu ya namna hiyo mbele ya tabernakulo.

Tulijibu kwa kukumbuka Bujora, pale Kisesa, ambapo wengi wetu tumewahi kwenda. Padre David Clement, mmisionari aliyetoka Kanada, alikaa pale tangu miaka ya 1950, akaandika na kuhifadhi mambo ya Wasukuma. Kanisa la pale ni la mviringo kama nyumba zetu za asili. Ngoma za mashindano ya Wagika na Wagalu ziliingizwa katika shangwe za Sikukuu ya Ekaristi, na sherehe ikaitwa Bulabo, yaani maua. Wapo waliouliza siku zile kama ngoma inaweza kumtukuza Mungu. Leo hatuulizi. Mti haujui kama unachomewa mganga au altare. Aliyeuumba ni mmoja. Tofauti iko katika kile mwenye kuuchoma anachokitaka. Anayefukiza ili kumlazimisha Mungu, au kumfunga adui, au kujipatia bahati, amerudi kwenye lile katazo la Kutoka hata kama ubani wake umetoka Roma. Ubani wa ibada hauleti faida inayoshikika. Unaungua, unapanda, unakwisha, na aliyeutoa anabaki na majivu. Ndiyo maana mwimbaji wa Zaburi ya 141 aliufananisha na sala.

Kwa sababu hiyo tulikataa pia wale waliokuja kutaka kuununua ili kuweka dukani na kwenye mitumbwi kwa ajili ya kuvuta wateja na samaki. Mmoja alitupa ahadi ya kununua kopo kumi. Kopo kumi zingehitaji mapanga. Tunajua mwisho wa njia hiyo. Msandali wa nchi zetu za Afrika Mashariki uling'olewa na mizizi yake kwa ajili ya manukato ya mbali, hata mwaka 2013 ukawekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu mti mmoja wa ubani unaoota Ethiopia na nchi jirani ulionyesha kwamba michanga yake karibu haikui tena kuwa miti, na kwamba mavuno yanaweza kupungua kwa nusu katika miaka 20. Hata sifa ya Mungu inaweza kugeuka kuwa wizi, ikiwa kilichotolewa hakikuwa chetu kukimaliza.

Neno la kwanza, basi, tulilijibu. Neno la pili lilikuwa zito zaidi, nalo halikusemwa kwa sauti. Lilisema: ubani ule umechumwa na bibi yule. Anaishi peke yake. Anajua miti. Na macho yake ni mekundu.

Msomaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa maneno hayo yanaelekea wapi. Kwa wengine tutaeleza. Katika nchi yetu, macho mekundu ya mwanamke mzee yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi, na wanawake wamekatwa mapanga usiku katika nyumba zao kwa alama hiyo. Tume ya Serikali ilihesabu watu 3,693 waliouawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji yalitokea Usukumani. Miaka iliyofuata mauaji yaliendelea. Hawa hawakuuawa na wageni. Wengine walishitakiwa na jamaa zao wenyewe, watu wanaojua kusali.

Juma moja baada ya Tokeo la Bwana, mtoto wa jirani aliumwa homa kali. Mnong'ono ukapata miguu. Usiku mmoja mawe yalitupwa juu ya bati la bibi.

Sasa tunalazimika kukiri. Sisi tuliotembea naye alfajiri, tuliokula mihogo yake, tuliosifiwa kwa kazi ya mikono yake, tulinyamaza kwa juma zima. Hakuna aliyesema kwamba bibi ni mchawi. Hakuna aliyesema kwamba siye. Tuliambiana kwamba ni maneno ya watu, yatapita. Tuliogopa kwamba tukisimama naye tutatajwa pamoja naye. Kopo la ubani lilikuwa kabatini, sakristia, na Jumapili ile lilitumika tena kama kawaida.

Ni katekista aliyetuvunja. Katika sala ya jumuiya ya Jumamosi alisoma sura ya kwanza ya Isaya. Tuliijua, lakini tulikuwa hatujawahi kuisikia tukiwa na harufu ya ubani vidoleni. Mungu anasema pale kwamba uvumba wa watu wake umekuwa chukizo kwake, na kwamba hata wakizidisha sala hatasikia, kwa sababu mikono yao imejaa damu. Na mistari michache mbele, anapowaeleza la kufanya, anataja watu wawili wa kutetewa: yatima na mjane. Katekista alifunga kitabu, akauliza swali moja tu: “Bibi yetu amekula nini leo?” Hakuna aliyejua.

Tangu siku ile tumekuwa tukitafakari moshi wa namna mbili. Mmoja hupanda altareni kwa dakika chache siku za sikukuu. Mwingine hujaa jikoni mara mbili au tatu kila siku. Bibi hakuzaliwa na macho mekundu. Katika miaka ya utawala wa Waingereza vichaka vya Usukumani vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu ya miti iliyobaki. Kuni zikawa mbali. Wanawake wakapikia vijiti vya pamba, mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya vibanda visivyo na dirisha, na moshi huo mkali ukawala macho kwa miaka arobaini, hamsini. Wakishazeeka, na waume zao wakishafariki, jamii ileile iliyokula chakula chao inawatazama usoni na kuona uchawi. Macho yale yaliharibika wakitupikia. Wekundu wake ni deni letu, nasi tumeugeuza kuwa mashtaka.

Moshi huu hauishii machoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo zaidi inatokana na kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali yetu nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Na miti inaweza kurudi. Jirani zetu wa Shinyanga, kuanzia mwaka 1986 kwa mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, walifufua desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lipumzike, na vichaka vikaota tena mahali palipokuwa jangwa. Tulipochuma machozi yale Kwimba, tulikuwa tunachuma katika ngitili ya namna hiyo. Mahali mti unaporudishwa, kuni hukaribia, na pengine jicho moja la bibi hupona.

Kuna jambo moja la liturujia ambalo tulilitazama maisha yetu yote bila kuliona. Wakati wa kutolea vipaji, padre hufukiza mkate na divai, msalaba na altare. Kisha yeye mwenyewe hufukizwa. Halafu mtumikiaji anageuka, anatujia sisi, tunasimama, anainama, anatufukiza, tunainama naye. Heshima ileile iliyopewa altare na kitabu cha Injili inapewa kila aliyesimama pale, kwa sababu Mtume Paulo anasema katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Moshi hauchagui. Jumapili ya Tokeo la Bwana ulimfikia bibi, aliyekuwa benchi la tatu kutoka nyuma, ukamfikia na yule atakayerusha jiwe, kama alikuwepo. Mtu aliyefukiziwa ubani pamoja na jirani yake, kisha akamwita mchawi, ametukana kile kile alichokiinamia.

Ndugu msomaji, usidhani tulifanya makubwa. Jumamosi tatu mfululizo tulihamishia sala ya jumuiya nyumbani kwa bibi, tukiimba kwa sauti, mlango wazi, ili mtaa mzima ujue tuko upande gani. Tulimweleza mwenyekiti wa mtaa habari ya mawe. Wawili wetu walimsindikiza mama wa yule mtoto hadi kituo cha afya. Mtoto alipimwa, akaonekana ana malaria, akatibiwa, akapona. Tulimpeleka bibi kwa wataalamu wa macho. Walisema moshi na umri, wakampa dawa. Vijana, pamoja na yule wa panga, walimjengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, wakatoboa dirisha. Bibi aliliangalia dirisha lile akasema, “Sasa naona ziwa nikipika.”

Tunajua kwamba hayo hayakumaliza jambo. Familia moja imehama jumuiya yetu na haijarudi. Wapo ambao bado wanamwamkia bibi kwa mbali. Hofu ya uchawi ni ya kale kuliko parokia yetu, na homilia moja haiing'oi. Hata sisi, mtoto akiumwa ghafla usiku, tunaisikia ikitikisika ndani. Lakini Kitabu cha Hesabu, sura ya 16, kinasimulia kwamba pigo lilipowashukia watu, Haruni alichukua chetezo, akatia uvumba, akakimbia kati ya kusanyiko, akasimama kati ya waliokufa na walio hai. Tauni ikazuiliwa. Hakungoja hofu yake iishe. Tumeelewa kwamba hapo ndipo mahali pa anayeshika ubani: katikati, kati ya anayenong'onezwa na wanaonong'ona, hata kama miguu inatetemeka.

Swali letu la kwanza lilikuwa kama watu wa kawaida wanaweza kutengeneza ubani wa altare kwa vitu vya porini. Sasa tunajibu kwamba wanaweza, na tunawatia moyo vigango vingine vijaribu. Chumeni kwa mkono bila panga. Msibandue gaga la kidonda cha mti. Msichome msichokijua. Fungueni madirisha, kwa sababu ubani nao ni moshi, na vifua vya wagonjwa vinauhisi. Na kabla hamjaubariki, ulizeni ni nani katika jumuiya yenu aliyewafundisha miti, na kama usiku huu atalala kwa amani.

Kanisa hufukiza pia jeneza, kwa sababu mwili ule ulikuwa hekalu. Tumezika bibi wengi wa mwambao huu kwa heshima hiyo, na baadhi yao hawakufa kwa maradhi. Tulisimama makaburini, tukaona moshi ukipanda, tukarudi nyumbani bila kuuliza. Kwa huyu mmoja tumeazimia heshima ianze angali anapumua. Kiangazi kikija tutamchukua tena alfajiri twende naye Kwimba, na safari hii wale watoto waliokuwa wakimkimbia njiani wameomba kwenda pamoja.